Mafundo ya Mama Akello

Mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, Selpha alianza kuamini kwamba mume wake amemchoka.

Hawakuwa wamegombana. Isaiah Otiende hakuwa mtu wa kelele, na katika miaka kumi na mitatu waliyoishi Eldoret hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti. Yalikuwa mambo madogo madogo. Mashati ya vifungo, yale aliyokuwa akiyapiga pasi mwenyewe kila Jumamosi, yalibaki sandukuni; sasa kila asubuhi alijitumbukiza kwenye sweta la kijivu na kuondoka. Chai aliinywa akiwa amekikumbatia kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Viatu alivivaa bila kufungua kamba. Na Jumapili wakitoka kanisani, Selpha akimgeuzia mgongo amfungulie mkufu, kama walivyofanya tangu waoane, Isaiah alisema, "Jifungulie tu, Mama Akello, nimechoka," akaenda kuketi mlangoni.

Mara ya kwanza Selpha alicheka. Mara ya pili aliufungua mwenyewe, kimya. Jumapili ya tatu hakuuvaa.

Hakuwa na mtu wa kumweleza. Akello, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni kule Kaptagat, na hata angekuwa nyumbani, mama hamwambii mtoto maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo aliendelea kupika, kufua, na kukaanga maandazi ya kuuza pale Huruma walipopanga nyumba, huku moyoni akijiuliza ni kosa gani alilofanya.

Selpha alizaliwa Usenge, kando ya ziwa, mtoto wa kwanza wa Jeconia. Jeconia alivunjika mguu akiwa kijana, ukaunga vibaya, na mtu wa mguu ule hawezi kusimama ndani ya mashua. Basi kazi yake ikawa kushona nyavu za wenzake. Selpha alikuwa na miaka saba alipoanza kuketi karibu naye pale ufukoni, akimpa uzi. Alipofika kumi alikuwa akishona mwenyewe, na fundo alilolipenda kuliko yote ni lile la kuushikiza wavu kwenye kamba ya juu. Uzi unazunguka kamba, unajipitia chini, unajibana, kisha unaendelea hatua moja mbele na kujibana tena. Baba yake alikuwa akichukua kisu na kukata fundo moja katikati, halafu anauvuta wavu kwa nguvu zake zote. Kama mafundo ya pande zote mbili yamekaa pale pale, alitikisa kichwa kwa furaha. Kama yamelegea, Selpha alianza upya kutoka mwanzo.

Halafu akaolewa na Isaiah, kijana aliyejifunza kazi ya mota Kisumu, na mwaka wa sabini na moja wakahamia Eldoret, ambako hakuna aliyehitaji wavu wa aina yoyote. Vidole vyake vikajifunza unga na mafuta moto.

Isaiah alifanya kazi kwa Mburu, mwenye karakana karibu na mto Sosiani, nyuma ya wauza mbao. Mota zote zilizoungua katika sehemu zile zililetwa kwa Mburu: za kusaga, za kupasua mbao, za kupozea maziwa. Isaiah alitoa waya zilizoungua, akahesabu ilikuwa mizunguko mingapi, akasuka waya mpya za shaba kuwa koili, akazipanga katika mifereji ya chuma iliyo ndani ya mota, akazifunga kwa uzi sehemu ile inayotokeza nje, mwishowe akazimwagia vanishi na kuzikausha kwenye tanuri. Watu walisema mota aliyoisuka Isaiah inadumu kuliko mpya.

Hata hivyo, mwaka huo mota moja ilimshinda. Ilikuwa ya Mama Chelimo, mama mmoja wa Soy, nje ya mji, mjane, mnene, wa sauti ya taratibu, aliyekuwa na mashine ya kusagia unga. Nguzo za stima zilipofika Soy aliiondoa injini yake ya dizeli na kuweka mota kubwa. Ilifanya kazi miaka miwili bila neno. Kisha ikaungua. Isaiah akaisuka; ikafanya kazi wiki mbili, ikaungua tena. Akaisuka tena. Safari hii ilimaliza siku tisa.

Selpha alikuwepo siku ilipoletwa mara ya tatu. Alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, akakuta pikapu imesimama mlangoni na wanaume wanne wanaishusha mota. Mama Chelimo alikuwa amesimama kando, kitambaa kichwani, mikono kifuani.

"Fundi," alimwambia Isaiah, "mimi sikuja kugombana. Lakini kina mama wanatembea mpaka kule mbele kutafuta mashine nyingine, na mahindi kichwani. Niambie tu ukweli. Mota yangu imekufa, ama ni wewe umechoka?"

Isaiah aliangalia chini. "Nitaitazama, Mama."

Mburu alimsindikiza Mama Chelimo hadi kwenye pikapu, akarudi. Hakuwa mtu mkali. Alijikuna shingo, akatazama ile mota, akamtazama Isaiah.

"Baba Akello, umenifanyia kazi miaka mingi. Lakini hii ikirudi tena, nitafanya nini? Utaniambia wewe mwenyewe, maana mimi sijui." Kisha akachukua kofia na kuondoka kwenda Burnt Forest, ambako alikuwa ameitwa na watu wa maziwa.

Wakabaki wawili. Selpha aliweka chakula kwenye benchi. Isaiah hakukigusa. Aliifungua mota pole pole, akiishika bisibisi kwa ngumi nzima badala ya vidole, akatoa kifuniko. Harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa pale ndani. Zile koili zilitokeza mviringo mzima kama ukingo wa kikapu, nyekundu upande huu, nyeusi kama makaa upande ule.

Selpha alisogea. Katika miaka yote ile hakuwahi kuangalia ndani ya mota. Alikuwa mtu wa kuleta chakula na kurudi na sufuria. Lakini alichokiona sasa si chuma wala shaba. Aliona uzi. Uzi mweupe ulizunguka zile koili ukizishikanisha, hatua kwa hatua, fundo kwa fundo, na mkono wake ukaenda wenyewe. Alilisukuma fundo moja kwa kidole gumba. Likateleza. Akalisukuma la pili. Nalo likateleza.

"Hii ilifungwa na nani?" aliuliza.

Isaiah aliiweka bisibisi chini.

"Baba Akello, huyu mtu mwambie aende nyumbani. Hiki si kitu kimefungwa, ni kitu kimewekelewa uzi. Hata mtoto wa..."

"Ni mimi," Isaiah alisema.

Selpha aliondoa kidole kwenye uzi.

Isaiah akaitoa mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya benchi, pale kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayeweka vitu vya kuuza. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa. Alijaribu kukunja ngumi. Vidole vikafika nusu, vikakataa.

"Kila nikiamka viko hivi," alisema. "Baridi ikizidi ni mbaya zaidi. Nikiviweka kwenye maji moto vinafunguka kidogo, naweza kupanga koili, naweza kushika nyundo. Lakini uzi... Mama Akello, uzi siusikii. Navuta, nafikiri nimekaza, kumbe sijakaza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mwezi wa sita."

Selpha alihesabu. Mwezi wa sita mwaka jana ndipo sweta lilipoanza. Aliangalia ile mikono na akaona kila kitu kwa mara moja: vifungo vya shati, kikombe, kamba za viatu, mkufu. Miezi yote hiyo alikuwa amelala kando ya mtu huyu akidhani amechukiwa.

"Wewe," alisema. "Wewe ni mjinga sana."

"Najua."

"Mimi nilifikiri ni mimi."

Isaiah aliinua macho kwa mshangao wa kweli. Haikuwa imempitia akilini hata siku moja. "Wewe? Wewe umefanya nini?"

Selpha alivuta kigoda akaketi. Akaichukua mikono ya mumewe, akaiweka ndani ya leso yake, juu ya mapaja, akaifunika. Nje, msumeno wa wauza mbao ulikuwa ukilia na kunyamaza.

Baadaye, Selpha alipokwisha kufuta machozi, aliuliza jambo lililokuwa limemkera tangu alipoligusa fundo la kwanza. "Lakini nieleze. Hizi waya zimekaa tu. Haziendi mahali. Kuna nini cha kuzuiwa na uzi?"

Na Isaiah, ambaye kwa mwaka mzima alizungumza kama mtu anayekopeshwa maneno, akatabasamu. Alisimama. Kona moja ya karakana kulikuwa na sanduku kuukuu la majani chai ambamo Mburu alitupia vyuma chakavu, na ndani lilikuwa limefunikwa kwa karatasi nyembamba ya kung'aa kama bati. Alimwambia Selpha akate vipande viwili, virefu kama mkono, vyembamba kama kamba ya kiatu. Wakavining'iniza sambamba kwenye misumari miwili, ncha za chini zikiwa zimeshikizwa, vikiwa vimelegea kidogo, nafasi ya kidole kimoja kati yao. Kisha akaburuta betri ya gari.

"Sasa angalia. Stima itapita hapa kutoka juu kwenda chini, na hapa pia kutoka juu kwenda chini. Zote njia moja. Shika waya hii. Nikisema gusa, gusa, halafu toa haraka, usiichome."

"Itanipiga?"

"Betri ya gari haipigi mtu. Gusa."

Selpha aligusa. Vile vipande viwili vikarukiana katikati, vikagusana, kama watu waliokutana ghafla njiani. Akaondoa waya kwa hofu. Vikaachana, vikaning'inia kama mwanzo.

"Ni upepo," alisema.

"Gusa tena."

Akagusa tena. Vikarukiana tena.

Isaiah akamwelekeza abadilishe waya, ili stima ishuke kwenye kipande kimoja na kupanda kwenye kile cha pili. Selpha alipogusa, vipande vilitanuka, kila kimoja kikikimbilia upande wake. Alirudia mara nne, mara tano, hadi moja ya karatasi ikapata moto na kukatika.

"Hakuna kitu kimezigusa," alisema pole pole. "Zinavutana zenyewe."

"Waya yenye stima ni sumaku, mpaka stima iondoke. Zikienda njia moja zinavutana. Zikienda njia tofauti zinasukumana. Sasa hiyo ni betri moja na karatasi mbili." Isaiah aligeukia mota. "Hapa ndani kuna mamia ya waya, zimelaliana. Zile za ndani ya chuma zimebanwa, haziwezi kwenda popote. Lakini hizi za hapa nje hazina mwenyewe isipokuwa uzi. Na stima ya nguzo si kama ya betri, inapiga, inaacha, inapiga, mara mia kwa sekunde moja. Kila pigo linazitikisa. Kama hazijafungwa zinasuguana, ngozi ya vanishi inachubuka, shaba inagusa shaba. Basi, moto."

"Kila wakati inapozunguka?"

"Ikishashika mwendo haina shida, inakunywa stima kidogo. Shida ni ile dakika ya kuwashwa. Ikiwashwa inameza mara sita. Na stima ikiwa mara sita, zile nguvu za kuvutana si mara sita, ni mara sita ya hizo sita. Thelathini na sita. Lakini hiyo ni mara moja asubuhi na mara moja baada ya chakula. Ndiyo maana hata mimi nashangaa. Uzi wangu mbaya ungestahimili miezi, si siku tisa."

Selpha aliuma mdomo. "Nani amekwambia anaiwasha mara mbili kwa siku?"

"Mashine ya kusaga ndivyo inavyokuwa. Inawashwa, inasaga mpaka mchana."

"Hiyo ni zamani, watu wakileta magunia. Baba Akello, wewe huendi kusaga. Mwaka huu watu wanapata mahindi ya kupimiwa, haya ya manjano. Mtu anakuja na gorogoro moja, kopo la kilo mbili tu. Mwenye mashine anamsagia, anazima asipoteze stima, anangoja. Mwingine anakuja na gorogoro yake, anawasha. Hapa Huruma ndivyo wanafanya. Soy itakuwa tofauti?"

Isaiah alibaki amesimama na waya mkononi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mara arobaini kwa siku. Pengine sitini.

"Nilipaswa kukuuliza zamani," alisema hatimaye.

Isaiah alipomwomba amfungie ule uzi, kimya kimya, kabla Mburu hajarudi, Selpha alikataa katakata. "Sitaingia kwenye kazi ya mtu kama mwizi. Kama ni kufunga nitafunga, lakini Mburu ajue, na ajue ni kwa nini."

Isaiah alimwambia Mburu kesho yake asubuhi, mikono ikiwa mezani. Mburu aliitazama kwa muda mrefu. Akasema pole. Kisha akasema hajawahi kusikia mwanamke kwenye benchi ya mota, na wateja watasemaje. Kisha akatazama ile mota nyeusi ya Mama Chelimo, akasema, "Haya. Lakini haitoki hapa mpaka niiwashe na kuizima mara hamsini mimi mwenyewe."

Iliwachukua wiki nzima. Isaiah alichovya mikono kwenye karai la maji moto kila baada ya saa moja, akapanga koili mpya kwenye mifereji kwa kutumia kijiti bapa. Selpha aliusugua uzi kwa nta ya mshumaa ili usiteleze, kama walivyofanya Usenge. Siku aliyoanza kufunga alikuwa na haraka ya kuonyesha anaweza. Alikaza kwa nguvu za wavu. Alipofika robo ya mviringo, Isaiah aliinama, akachungulia, akamgusa bega.

"Simama. Umekata karatasi."

Chini ya uzi, ile karatasi ya kuzuia shaba isigusane ilikuwa imepasuka sehemu tatu. Koili moja ilibidi itolewe na kusukwa upya. Selpha aliuachia uzi. Siku mbili za maumivu ya mumewe, amezitupa kwa asubuhi moja.

"Nimekuharibia."

"Mimi niliharibu mota nzima mara mbili," Isaiah alisema. "Wewe umeharibu koili. Bado unanidai."

Selpha akacheka bila kutaka, machozi yakiwa karibu. Wakaanza tena. Safari hii Isaiah aliketi upande wa pili wa mota, uso kwa uso naye, akizibana koili pamoja kwa viganja, maana viganja vilikuwa bado na nguvu, na Selpha akapitisha uzi katikati ya vidole vyake vilivyovimba. Alijifunza kukaza hadi uzi ulie kidogo, asizidishe. Zunguka, pita chini, bana, songa mbele. Walienda hivyo mviringo mzima, wakiinuka na kuhama viti pamoja. Hawakuongea sana. Mara moja Isaiah alisema, "Sikujua una mikono ya namna hii," na Selpha akajibu, "Uliioa bila kuuliza."

Alipomaliza alichukua kisu na kukata fundo moja, kama baba yake. Isaiah akapiga kelele. Selpha akazivuta koili kwa nguvu. Mafundo mengine hayakusogea hata kidogo. Akafunga upya pale alipokata, akafuta mikono kwenye leso.

Vanishi ilipokauka, Mburu aliiwasha mota pale karakana. Ilinguruma, ikashika mwendo. Akazima. Aliwasha na kuzima, akiiacha ipoe, mpaka wauza mbao wakaja kuangalia ni kichaa gani. Mara ya hamsini alifungua kifuniko, akachukua penseli na kusukuma fundo moja, la pili, la tatu, mviringo mzima. Kisha akaiweka penseli nyuma ya sikio.

"Mama Akello," alisema, "wewe kesho unakuja saa ngapi?"

Waliipeleka Soy kwa pikapu, Selpha na Isaiah wakiwa nyuma pamoja na mota. Kina mama walikuwa wamejaa uwanjani na vijisanduku na mifuko ya mahindi ya manjano. Isaiah aliunga waya, Mama Chelimo mwenyewe akabonyeza swichi. Unga ulipoanza kumwagika, mama mmoja alipiga kigelegele, na wengine wakaitikia.

Isaiah alimweleza Mama Chelimo kwamba asiiwashe kwa gorogoro moja. Watu wangojeane, wakifika sita au saba, ndipo awashe mara moja.

"Hiyo ni rahisi," alisema Mama Chelimo. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Sikuijua. Mke wangu ndiye aliyeijua. Na hizo waya ndani, yeye ndiye aliyezifunga."

Mama Chelimo alimgeukia Selpha. "Leta mikono niione." Akaishika, akaigeuza juu na chini, mikono ya kawaida yenye alama za mafuta ya maandazi. Aliingia ndani akatoka na mursik, maziwa ya mgando, katika kibuyu, akampa Selpha anywe kwanza, kabla ya wanaume.

Jumapili iliyofuata Selpha aliuvaa ule mkufu. Walipofika nyumbani kutoka kanisani alitaka kuufungua mwenyewe, lakini Isaiah akasema, "Lete nijaribu." Selpha akaketi kitandani akimpa mgongo. Ilichukua muda mrefu sana. Aliusikia ukimponyoka, akasikia pumzi yake nyuma ya shingo, akasikia akinong'ona maneno ya hasira kwa kile kichuma kidogo. Hakugeuka wala hakumwambia aache. Chakula kikapoa mezani. Ulipofunguka hatimaye, hakuna aliyeinuka haraka.

Hospitalini walimwambia Isaiah kwamba ni ugonjwa wa viungo, kwamba kuna dawa za kutuliza lakini si za kuondoa. Selpha alimshonea glavu za sufu zisizo na ncha za vidole. Maandazi alimwachia jirani. Kila asubuhi walivuka mto pamoja, na pale benchi Isaiah alihesabu mizunguko, akasoma michoro, akaunganisha ncha. Selpha akasuka na kufunga. Wateja wengine walilalamika mwanzoni. Mmoja wa kupasua mbao alisema mota yake haitashikwa na mwanamke, akaipeleka kwingine. Mwezi uliofuata aliirudisha, akaiacha mlangoni bila kutazama mtu usoni.

Mwaka wa themanini na saba Mburu alimwandikisha Selpha kwenye mtihani wa ufundi wa serikali. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwanamke pekee kati ya wanaume ishirini na watatu. Alifanya kazi ya mikono bila taabu. Kisha akaitwa mbele ya mtahini, Bwana Kiarie, mzee mwenye miwani, chini ya picha ya Rais.

"Umefunga vizuri," Bwana Kiarie alisema, akiigeuza koili yake. "Wengi hapa wanafunga kwa sababu wameona wengine wanafunga. Wewe unafunga kwa nini?"

Selpha alikuwa amefika darasa la sita tu, na Kiingereza kilikuwa kimemtoroka siku nyingi. "Naweza kusema kwa Kiswahili?"

"Sema kwa lugha yoyote, mradi nielewe."

Akamweleza. Alimweleza waya mbili zikienda njia moja na zikienda njia mbili, akimwonyesha kwa vidole viwili vya shahada. Akamweleza kuhusu kuwashwa, na mara sita inavyokuwa thelathini na sita, na mama wa gorogoro moja. Bwana Kiarie aliweka kalamu chini. Selpha alipomaliza, mzee yule aliuliza, "Nani alikufundisha?"

"Mume wangu. Yuko pale nje."

Bwana Kiarie aliinuka, akaenda dirishani, akatazama nje. Isaiah alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi, amevaa glavu zake, anaongea na mlinzi.

"Mwambie," alisema, "anafundisha vizuri."

Cheti kilichelewa miezi minne. Kilipofika karakana, katika bahasha ya serikali, jina lilikuwa limeandikwa vibaya, Selfa badala ya Selpha, na Mburu alitaka kirudishwe Nairobi kisahihishwe. Selpha alikataa; alisema wakikichukua hawatakirudisha. Isaiah alikishika kwa viganja viwili, akamsomea kwa sauti, kila neno, hata namba na muhuri. Alipofika mwisho Selpha akamwomba asome tena, naye akasoma tena, pole pole zaidi.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Isaiah alikiweka cheti juu ya rafu, mbali na mafuta, akamwambia mkewe ashike mwisho wa waya, kwa sababu mota ya watu wa maziwa ilikuwa inangojwa Ijumaa.